Mashine Iliyofanya Kazi Wakati wa Misa

Mama Gisela tulimzika Nakwa mwezi uliopita, juu kidogo ya shamba lake la mbaazi, na mvua ikatunyeshea wote. Nilitoka Dodoma alfajiri nikafika mazishi yameshaanza, nikasimama nyuma na viatu vyangu vya mjini vikizama kwenye tope. Baada ya kuzika tulikaa chini ya turubai tukapewa wali na maharage, na mwanamke mmoja nisiyemjua akamwambia mwenzake kwamba marehemu aliwahi kufukuzwa kazi hospitali kwa sababu ya mzimu, kisha akarudishwa kwa sababu ya mzimu huohuo. Wakacheka kidogo, kwa adabu ya msibani. Mimi nikaacha kula. Ule mzimu naujua, nusu yake nilikuwa mimi mwenyewe. Yeye aliyekuwa na haki ya kusimulia amekufa bila kusimulia, kwa hiyo nitasema mimi.

Habari za wazazi wangu na shule nilizosoma nitaziruka, hazina tofauti na za wengine. Naanzia siku nilipokabidhiwa chumba. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, stashahada ya kompyuta kwenye bahasha ya kaki, na kiburi kisichoenea kwenye bahasha yoyote. Hospitali, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa ya Kanisa, upande wa Bonga, karibu na Babati, na ilikuwa imenunua seva yake ya kwanza ili habari za wagonjwa zitoke kwenye makabrasha ziingie kwenye mashine. Katibu wa hospitali, Mzee Tluway, mtu mwembamba aliyepiga pasi mpaka leso, alinitembeza hadi nyuma ya wodi ya wanaume akafungua mlango wa chuma. Nje jua lilikuwa kali, ndani nikasisimka kwa baridi. Kuta nene, vigae vyeupe hadi usawa wa kifua, sakafu iliyoinama kuelekea kwenye tundu la maji katikati. Akasema hapa mashine haitapata joto. Nikamwuliza zamani kilikuwa chumba cha nini. Akaangalia saa yake. "Stoo," akasema. Mchana huo, nikiwa kwenye foleni ya makande dirishani pa jiko, nikamsikia mpishi akimwambia mwenzake huku akikoroga sufuria, "Yule binti wa watu wamemweka mochwari ya zamani, na hawajamwambia." Nikachukua sahani yangu nikaenda kulia huko huko ndani, makusudi, ili waone kwamba siogopi. Makande yalipoa kabla sijafika nusu ya sahani.

Mama Gisela ndiye aliyefanya usafi upande ule. Alikuwa mama mnene wa makamo, mwenye rundo la funguo kiunoni lililokuambia anakuja kabla hujamwona, kwa sababu Katibu alimwamini kuliko walinzi. Kila asubuhi alisimama mbele ya mlango wangu wa chuma, hata akijua kwamba sijafika, akabisha hodi. Akangoja kidogo. Kisha akafungua, akasema "Tumsifu Yesu Kristo" kukiambia chumba kitupu, ndipo akaanza kupiga deki. Siku moja alinikuta ndani, nikamwuliza anamwamkia nani. "Waliokutangulia," akasema, akaendelea kukamua tambara. Nilimcheka. Nilicheka sana mwaka ule, hasa vitu nisivyovijua. Yeye hakukasirika, aliniletea viazi vitamu vya moto kwenye kitambaa na kuniita fundi, jina lililoniudhi, maana cheti changu kilisema mtaalamu wa mifumo.

Kilicholeta balaa yote ni programu ndogo inayoitwa sar. Haina picha wala kitu cha kubofya. Unaiandikia amri kwenye skrini nyeusi, nayo inakujibu kwa safu za namba. Kila baada ya dakika kumi inaichungulia mashine na kuandika mstari mmoja: saa hii akili ya mashine imeshughulika kwa asilimia kadhaa, diski imesomwa kiasi hiki, mtandao umepitisha kiasi hiki. Basi. Ni sawa na muuguzi wa zamu anayejaza joto na mapigo ya moyo kwenye chati. Hakuambii mgonjwa aliota nini. Niliiweka kwa sababu Katibu alitaka ushahidi wa kupeleka jimboni kwamba mashine inaelemewa tupewe kubwa zaidi. Kila Jumatatu nilimpelekea karatasi za wiki nzima, naye akazipitia kwa kalamu nyekundu, mstari kwa mstari, akiniuliza maana ya kila safu. Alijifunza haraka. Nami nikaona raha isiyo kifani, mzee wa watu, mshauri wa parokia, ananisikiliza mimi.

Nilikuwa na kazi nyingine, ambayo sikuipenda. Karani wa masjala, chumba cha mapokezi kinachotunza kumbukumbu za wagonjwa, alikuwa likizo ya uzazi tangu kabla sijaajiriwa, na rejista za karatasi zilizokuwa zinamngoja aziingize kwenye mashine zikatupiwa mimi. Vitabu vikubwa vya jalada gumu, wodi baada ya wodi. Nilivifungia kwenye kabati la chuma mle chumbani kwangu, ufunguo nikauweka mfukoni, nikawa naingiza kurasa mbili tatu kwa wiki nikiwa nimechoka kufanya vya maana. Wodi ya wanaume nikaimaliza kwa kujivuta. Ya watoto nikaigusagusa. Ya wazazi sikuifungua kabisa. Asubuhi moja Mama Gisela aliegemea ufagio wake, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, hicho kitabu cha wazazi utakiingiza lini?" Nilikuwa na shughuli, au nilijidai nina shughuli. Nikamjibu, "Mama Gisela, wewe fagia, vitabu niachie." Mtu aliyelingana na mama yangu mdogo. Akafagia.

Jumatatu moja Katibu akaniita ofisini, akaweka kalamu nyekundu kwenye mstari wa Jumapili. Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Kabla ya hapo mashine ilikuwa imelala, namba zote sifuri na ushee. Saa tatu na dakika kumi ikapanda hadi tisini na kitu, diski ikasomwa mfululizo kwa karibu saa nzima, kisha ikatulia tena. "Jumapili nani anafanya kazi?" akauliza. Hakuna. Jumapili masjala hufungwa, wa dharura wanaandikwa kwenye kitabu cha wodi, na saa tatu misa ya pili inaanza, pale hospitali kunabaki wagonjwa na wauguzi wa zamu tu. Nikarudi chumbani nikafungua siku za nyuma. Jumapili iliyotangulia, saa tatu na dakika kumi. Ya kabla yake, vilevile. Programu ile hufuta yenyewe kumbukumbu zikizidi mwezi, lakini Jumapili zote zilizobaki zilikuwa na kilima kilekile, saa ileile. Nilitazama kama kuna jina la aliyeingia. Jina lilikuwapo, "masjala", ambalo ofisi nzima ilitumia, na neno lake la siri lilikuwa limebandikwa kwa plasta juu ya kioo cha kompyuta ya mapokezi kila mtu alione. Nilikaa nikitazama zile namba huku baridi ya vigae ikinipanda miguuni.

Habari za karatasi zilifika jikoni, sijui kwa mdomo wa nani. Wapishi wakaanza kunyamaza nikipita. Nikasikia kwamba wale waliolazwa kwenye chumba changu zamani, wakisubiri ndugu zao waje kuwachukua, walikuwa wanaamka wakati wa misa kwa sababu hawakuombewa. Nikasikia kwamba mashine inawahesabu. Nilibeza, lakini nikaanza kuona vitu. Jumatatu asubuhi kizingiti cha masjala kilikuwa na unyevu, na hakuna aliyepiga deki tangu Jumamosi. Kibodi ya mapokezi ilinuka dawa ya kuulia vijidudu. Na kwenye kidirisha cha nyuma, kando kabisa, kulikuwa na kikombe kimoja cha bati kimefunikwa kichwa chini, ambacho hakikuwa cha mtu yeyote na hakuna aliyekigusa. Nilimwuliza mhudumu wa mapokezi ni cha nani. Alikitazama, akatazama pembeni. "Kiache tu hapo, dada," akasema.

Jumapili iliyofuata sikwenda kusali. Nilijifungia chumbani saa mbili na nusu, nikazima skrini, nikaketi kwenye kiti changu juu ya ile sakafu iliyoinama. Nje kulikuwa na mwanga mweupe wa asubuhi, na kengele ya kanisa ikalia, kisha kwaya ikasikika kwa mbali. Seva ilikuwa inavuma kwa upole wake wa siku zote. Nikaanza kujiona mjinga. Halafu diski ikaanza kukwaruza. Hakuna aliyegusa kitu. Feni zikapandisha sauti, moja, ya pili, mpaka meza ikawa inatetemeka chini ya viganja vyangu, na mimi peke yangu kwenye chumba cha vigae, mlango umefungwa kwa ndani. Taa ndogo ya kijani ilikuwa inapepesa bila kupumzika, ikitafuta kitu. Ndivyo nilivyojiambia wakati ule, bila kujua nasema nini: inatafuta. Nilitoka mbio bila hata kufunga mlango. Nikazunguka hadi masjala. Kufuli kubwa lilining'inia kwa nje, limefungwa. Pazia limeteremshwa. Nikaweka sikio kwenye ubao wa mlango, nikasikia kiti kikilia kwa ndani, kama mtu anajiweka sawa, kisha vibonye vya kibodi, polepole, kimoja kimoja. Kisha kimya. Kilichokuwa ndani kilikuwa kinanisikiliza pia. Haki ya Mungu, nilikimbia mpaka geti kuu, na mlinzi akaniuliza kama nimefiwa.

Jumatatu akili ilinirudia, na ni afadhali isingerudi. Nikiwa na chai ya maziwa mkononi na watu wakipita dirishani, nikaifikiria ile safu ya mtandao. Kila Jumapili ilipanda pamoja na nyingine. Basi amri ilitoka kwenye kompyuta nyingine, na mizimu haihitaji waya. Kulikuwa na mtu masjala. Na kama kufuli lilikuwa nje, kuna aliyemfungia ndani. Na funguo za masjala zilikuwa kiunoni pa mtu mmoja tu. Nilichora yote kwenye karatasi kwa mishale, nikampelekea Katibu, nikamwelezea mpaka akaelewa, na nilipomaliza nilikuwa natabasamu. Hilo tabasamu ndilo ninalolikumbuka zaidi ya yote.

Mama Gisela aliitwa papo hapo. Katibu alikuwa na hofu ya kweli. Tarehe za kuzaliwa za watu zimo mle ndani, na habari za maradhi ambazo zingevunja nyumba za watu. Alimwuliza kwa upole, "Mama Gisela, unamfungulia nani?" Akanyamaza. Akamwuliza mara ya pili, na ya tatu akamwambia kwamba asiposema hataweza kumwacha kazini. Mama Gisela alinitazama mimi, si kwa chuki, bali kwa namna unavyomtazama mtoto aliyemwaga maziwa, ukifikiria utafuta na nini. Akafungua pete ya funguo kiunoni, akaiweka mezani juu ya karatasi yangu ya mishale. "Funguo hizo hapo, Katibu," akasema. Alikuwa amefanya kazi pale tangu kabla sijaanza darasa la kwanza.

Baada ya hapo Jumapili zikanyamaza. Wiki ya kwanza sifuri, ya pili sifuri. Katibu akaweka alama ya vema nyekundu, akanisifu mbele ya wafanyakazi wote, na kwao jambo likawa limethibitishwa, kwamba Mama Gisela alikuwa anauza siri za wagonjwa. Nilisikia dirishani pa jiko kwamba wanawe shambani wamenunua pampu na sasa inajulikana ilitoka wapi. Hakuna tena aliyebisha hodi kwenye mlango wangu. Nilifagia mwenyewe. Mara mbili tatu nilijikuta nasimama nje na ufunguo mkononi, nashindwa kuingia tu hivihivi.

Kwenye kona ya chumba alikuwa ameacha mabuti yake ya mpira na kitenge. Jumamosi moja nikavifunga kwenye mfuko nikaenda Nakwa. Nilimkuta anapura maharage uani. "Shikamoo, Mama Gisela." "Marahaba," akasema, akaniwekea kigoda, akaingia ndani kunitafutia maziwa mgando, ubaya niliomfanyia haukumsahaulisha kwamba mgeni ni mgeni. Upande wa pili wa ua, mbali, mlangoni pa kibanda cha peke yake, alikuwa ameketi mwanamke kijana, amejifunga kitambaa kichwani. Pembeni yake kilikuwapo kikombe cha bati kimefunikwa kichwa chini. Nikanyanyuka kwenda kumsalimia kama inavyotakiwa. Mama Gisela akatoka ndani na bakuli. "Usimpe mkono," akasema. "Msalimie hapo hapo ulipo."

Mimi ni Mmbulu wa Dareda. Nilipaswa kujua tangu siku ile nilipokiona kikombe dirishani, na nilijifanya sijui kwa sababu kwetu tuliambiwa hayo ni ya washamba. Wazee wetu waliita metimani. Mwanamke akifiwa na mtoto mchanga anakaa kando na watu kwa muda mrefu, haendi kwa jirani, hagusi chombo cha mtu, hakanyagi njia ya wengi, kifo kisije kikawaambukiza. Kanisa limeikemea miaka na miaka, na nyumba nyingi zimeiacha, lakini wakwe wa huyu binti, wazee wa Sigino, hawakuiacha. Alikuwa Yustina, mtoto wa dada yake Mama Gisela. Alikuwa yule karani wa masjala niliyeambiwa yuko likizo. Mtoto wake aliishi siku tatu. Walimwondoa nyumbani, na hospitalini watu wakaacha kulitaja jina lake, kwa huruma au kwa woga, sijui, hata mimi niliyekalia kiti chake sikuwahi kulisikia.

Ni yeye aliyeanza kusema, kutoka upande wa pili wa ua, kwa sauti tulivu. "Wewe ndiye unayeingiza vitabu?" Nikasema ndiyo. "Cha wodi ya wazazi umefika wapi?" Nikamwambia sijakianza. Aliinamisha kichwa. "Basi ndiyo maana," akasema, akaingia ndani. Mama Gisela akanimalizia. Mtoto alizikwa na wazee, Yustina hakuonyeshwa mahali. Jina lake halitamkwi. Alichotaka ni kuona mahali pamoja tu palipoandikwa kwamba alizaliwa mtu. Kama karani, alijua kila anayepita hospitali hupewa mstari wake. Kwa hiyo kila Jumapili, watu wote wakiwa misani na njia ziko tupu, alipita kando ya mashamba, mama yake mdogo akamfungia masjala kwa nje na kwenda kukaa kanisani aonekane, naye akaandika jina lake mwenyewe kwenye kisanduku cha kutafuta. Usipokuwa na namba ya faili, mashine hupitia rekodi zote, ya kwanza hadi ya mwisho. Ilipitia. Ikajibu hakuna. Akaandika jina la baba. Hakuna. Akaandika tarehe. Hakuna. Akaosha kibodi, akamwaga maji kizingitini ili asimwachie mtu mkosi, akarudi Nakwa kungoja Jumapili nyingine, akidhani wiki hii fundi atakuwa amekifikia kile kitabu.

Nililia pale kwenye kigoda, na hakuna aliyenibembeleza, wala sikustahili. Nilimwambia Mama Gisela kwamba nitakwenda kumweleza Katibu yote. "Ukimtaja Yustina," akasema, "utakuwa umenifukuza bure." Alikuwa na hoja. Mzee Tluway alikuwa ametangaza kwenye kikao kwamba mfanyakazi wa hospitali ya Kanisa akishika mila hizo asirudi, na Yustina akimaliza muda wake alikuwa hana pengine pa kwenda ila kwenye kazi yake. Na mambo hayakuwa rahisi, kwa sababu Jumapili zilikuwa zimenyamaza tangu funguo zilipochukuliwa. Karatasi zangu zilikuwa zinamshuhudia vibaya mwanamke asiye na kosa, na kila wiki ya ukimya ilizidi kumkandamiza.

Nilianza na kitabu. Siku nne sikufanya lingine. Nilikuta mstari wenyewe katikati ya ukurasa, kwa wino wa bluu: mtoto wa Yustina, jinsia ya kike, uzito, saa ya kuzaliwa, saa ya kufariki. Mahali pa jina pamepigwa mstari. Jumamosi iliyofuata nikarudi Nakwa na karatasi niliyoichapisha, nikaiweka chini katikati ya ua, juu yake jiwe, nikasogea nyuma. Yustina akaja akaiokota. Alisoma kwa muda mrefu sana kwa maandishi machache vile. "Jina hamkuandika," akasema. Nikamwambia kitabuni halimo. "Anaitwa Magdalena," akasema. Mama Gisela aliacha kupura. Nadhani hata yeye alikuwa hajalisikia. Msibani mwezi uliopita Yustina alikuja akanipa mkono, akaushika wangu mpaka nikaona haya. Ila siku ile ya karatasi nilirudi Bonga kwa miguu nikilirudia jina njia nzima nisije nikalikosea, na nilipofika nikaliandika kwenye mashine, kwenye mstari wake.

Jumamosi hiyo jioni niliandika mistari michache kwenye ile skrini nyeusi. Niliiamuru mashine, Jumapili ikifika saa tatu na dakika kumi, ianze yenyewe kumtafuta Magdalena, mtoto wa Yustina, ipitie rekodi zote za hospitali, ikifika mwisho ianze tena, kwa muda uleule aliotumia mama yake. Kisha nikafunga mlango wa chuma, nikampelekea Katibu ufunguo wangu mkononi, nikamwambia naogopa kukaa nao. Asubuhi niliketi kanisani benchi la nyuma yake, ukosi wake wa pasi mbele ya pua yangu, funguo zote za hospitali zikiwa zimetuna kwenye mfuko wa koti lake. Saa tatu na dakika kumi tulikuwa tunaimba Utukufu. Nilijua kwamba huko nyuma ya wodi ya wanaume, kwenye baridi ile, feni zinapanda. Na ingawa ni mimi niliyeziamuru, nywele zilinisimama.

Jumatatu nilimwekea karatasi mezani. Alishuka na kalamu nyekundu, akafika kwenye Jumapili, kalamu ikasimama. Kilima kilekile, saa ileile. Akahamia kwenye safu ya mtandao, kama nilivyomfundisha. Tupu. Hakuna amri iliyotoka masjala wala popote. Ilitoka humo humo chumbani. Aligusa mfuko wa koti, akasikia funguo. Nilimwona akibadilika rangi, na nakiri kwamba nilimhurumia. "Nilikuwa nimekaa nawe," akasema. Nikasema ndiyo, Katibu. "Basi yule mama tulimwonea." Nikasema ndiyo tena, na hilo lilikuwa neno la kweli pekee kwenye ile ofisi asubuhi ile. Alimfuata Mama Gisela mwenyewe, kwa miguu yake, akamwomba radhi mbele ya majirani. Paroko akaletwa akanyunyizia chumba maji ya baraka, huku nikiomba yasiingie kwenye matundu ya seva. Na Katibu akaniambia nisimletee tena zile karatasi.

Mama Gisela aliporudi kazini nilimngoja mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, na nadhani nilitegemea ashukuru. Alifunga kitenge kiunoni, akachukua ndoo. "Usifikiri umenisaidia, Fausta," akasema. Mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Umerudisha ulichochukua." Tulifanya kazi pamoja mpaka nilipoondoka Babati, tukala pamoja, tukacheka hata. Lakini hilo hakulitengua, na nikilifikiria sasa naona hakuwa na sababu ya kulitengua.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa Dodoma, nilipigiwa simu na dada mmoja aliyeshika nafasi yangu. Alijitambulisha kwa heshima, akasema wanahamishia kila kitu kwenye seva mpya na yeye anasafisha vitu vya zamani visivyo na kazi. Amekuta amri moja hajui ni ya nini. Kila Jumapili asubuhi inaamka yenyewe, inapitia rekodi za hospitali nzima, inatafuta mtu mmoja tu, mtoto, tena marehemu. Inaelemea mashine bure, na wala haimpelekei mtu yeyote majibu. Je, aifute?

"Huwa inampata?" nikamwuliza.

Nikamsikia akibonyeza, akasoma kidogo. "Inampata, dada. Kila wiki."

"Basi mhamishe na yeye," nikasema.